Gurudumu la Fundi Milele

Wateja wangu wana tabia moja inayoniudhi: kila anayeingia dukani lazima aliguse gurudumu la baba. Limetundikwa nyuma ya kaunta, juu ya makopo ya grisi. Mtu kaja kununua gololi au tairi la baiskeli, lakini ataegemea kaunta, atanyoosha mkono, atalisukuma, halafu ataniuliza, "Hili ndilo lile lililokuwa halisimami?" Namwambia aniache nifanye kazi. Siku nikiamka vizuri, namsimulia.

Ni ringi ya baiskeli ya zamani, zile pana za kubebea mizigo. Kwenye ukingo wake baba alifunga vijikono vya chuma vyenye bawaba, kila kimoja kina nati nzito nchani. Hesabu yake ilikuwa hivi: upande wa kulia vijikono vinanyooka nje, uzito unakaa mbali na kitovu, upande wa kushoto vinajikunja ndani, uzito unakaa karibu. Kwa hiyo upande mmoja ni mzito daima, na kitu chenye upande mzito daima hakina budi kuzunguka daima. Ukimsikiliza akieleza ulijiona mjinga kwa kutoliwaza jambo hilo mwenyewe.

Watu walimbandika jina la Fundi Milele, mwanzoni kwa kejeli. Yeye alilipokea kama cheo na akaliandika juu ya mlango kwa rangi nyekundu.

Mpinzani wake mkuu alikuwa mwalimu wa sayansi wa shule ya jirani, bwana mmoja mwembamba ambaye matairi yake yalipenda misumari kuliko barabara.

"Fundi, kitu hicho hakipo," alikuwa akisema, akisubiri kuzibiwa pancha. "Hakikuwepo jana, hakitakuwepo kesho. Kila gololi ikibiringika inakula nguvu kidogo. Hewa nayo inakula. Anayeliwa kila siku na haingizi kitu, mwisho wake ni kuisha."

"Sasa mbona haliishi?" baba aliuliza, akielekeza bisibisi ukutani.

Mwalimu alilitazama gurudumu, akakuna kidevu. Siku kama hizo baba alimzibia pancha bure.

Maana kweli lilikuwa linazunguka. Asubuhi baba alifungua duka, akalisukuma mara moja tu kwa kidole, kama anayemwamsha mtoto, na likaenda hivyo hivyo taratibu, vijikono vikigonga ko, ko, ko, mpaka jioni. Jioni alilisimamisha mwenyewe kwa kiganja, kwa amri ya mama. Duka lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yetu, na mama alikwisha kutamka kwamba yeye hakuolewa na saa ya ukutani. Baba alisema hata mtu mwenye afya hulala, na habari ya usiku ikaishia hapo. Siku ya mapumziko duka lilifungwa, na gurudumu likapumzika pamoja nasi.

Upande wa pili wa ukuta huo ndipo ilipokuwa mashine ya kusaga ya mjomba, kaka yake mama. Baba alilitundika gurudumu hapo kwa kuwa ndio ukuta pekee wa zege. Kuta nyingine za nyumba yetu zilitema hata msumari wa kalenda. Injini ya dizeli ilinguruma tangu asubuhi na kila tulichokuwa nacho kilitetemeka: vikombe kabatini, maji ndooni, meno ya bandia ya bibi kwenye glasi yake. Wageni walishika vichwa. Sisi tulizoea, na leo ningetoa kabati zima na vilivyomo ili nisikie tena vikombe vile vikigongana.

Baba na mjomba walitaniana kama mashemeji wanavyotaniana, yaani bila huruma.

"Shemeji, hilo dubwana lako linanitetemeshea gurudumu," baba alipaza sauti dirishani. "Siku utakayolizima ndipo watu wataona maajabu. Litakwenda mara mbili ya hapa!"

Mjomba alitokeza mlangoni kwake, mweupe wa unga kuanzia kofia mpaka kandambili. "Mimi nalisha mtaa mzima. Wewe unazungusha upepo. Nani azime chake?"

Basi zikaja mashine za umeme kule sokoni, zinazosaga haraka na hazimwachii mtu harufu ya dizeli kwenye unga. Wateja wa mjomba wakahama mmoja mmoja. Kitu cha ajabu ni kwamba injini yake haikuhama wala haikunyamaza. Nikirudi shule nilimkuta amekaa juu ya kiroba kitupu, injini inanguruma, na kwenye mashine hakuna hata punje. Chakula cha mchana alikula kwa haraka, amesimama pale pale karibu nayo.

"Mjomba, mbona huizimi?" nilimuuliza siku moja.

"Injini ikizimwazimwa inaharibika, mwanangu," alisema, akinisogezea sahani yake. "Kula hapa kidogo."

Ikawa ndio mzaha wa nyumbani. Baba alisema, "Shemeji anasaga upepo," na sisi tuliangua kicheko tukiulizana unga wa upepo unauzwaje kwa kilo. Mjomba mwenyewe alicheka kuliko sote.

Kisha kikohozi kikamwingia. Kikaanza kama cha mtu aliyepaliwa, kikaishia kuwa cha mtu anayeinama na kushika ukuta. Daktari alimwambia bila kuzunguka: kifua kimejaa vumbi na moshi, na asipotoka kwenye mashine ile, mashine ile itamtoa yeye. Mama alimsihi, alimnunia, alilia. "Kaka, unajiua kwa ajili ya nini? Huna mteja!" Mjomba alijibu kitu kimoja kila siku: "Kidogo tu, dada. Kidogo tu."

Baba ndiye aliyechoka kwanza. Asubuhi moja kikohozi kilisikika juu ya mngurumo wote ule. Baba alikuwa ndiyo kwanza anataka kuziba pancha ya mwalimu, bisibisi mkononi. Aliiweka chini, akafuta mikono, akatoka. Mama na mimi tukamfuata.

Mjomba alikuwa amepiga magoti kando ya injini, kitambaa mdomoni. Alipoona baba anakwenda moja kwa moja kwenye swichi, akajaribu kuinuka.

"Usizime, shemeji. Nakuomba."

"Umenilisha miaka yote hii," baba alisema. "Ulimlea mke wangu kabla sijamjua. Sitakaa ukutani kwangu nikikusikiliza unakufa." Na akaizima.

Sijui kama umewahi kukaa miaka yote na sauti moja halafu ikatoweka. Nilisikia ndege. Sikuwa najua kwamba mtaa wetu una ndege. Mama alimshika kaka yake begani akaanza kulia kwa faraja, na baba akageuka, uso unang'aa, akasema, "Sasa twendeni tukaone maajabu."

Mjomba alimwita. Baba hakugeuka. Mjomba akasimama, akamwegemea mama, na akamfuata kwa kasi ambayo mgonjwa hapaswi kuwa nayo.

Dukani mwalimu alikuwa amesimama katikati ya chumba, miwani mkononi, anatazama ukutani. Ko. Kimya. Ko. Kimya kirefu zaidi. Gurudumu lilikuwa linapanda kama mzee anayepanda ngazi.

"Lisukume!" mjomba alisema kutoka mlangoni, anahema. "Lisukume, shemeji, limechoka tu!"

Baba hakulisukuma. Alilitazama likienda mbele kidogo, likarudi nyuma kidogo, likaning'inia, likasimama. Kisha akaweka kiganja chake kwenye ukuta, pale ulipozama mhimili, kama unavyopima homa ya mtoto. Ukuta ulikuwa umetulia.

Kwa miaka mingi mwalimu alikuwa akilisubiri jambo hilo. Alikuwa na haki ya kusema neno lake, na naamini alikuwa nalo tayari. Alivaa miwani yake, akachukua baiskeli yake, pancha na yote, akaondoka akiikokota kimya kimya. Nimemheshimu tangu siku hiyo.

"Tangu lini unajua?" baba aliuliza bila kugeuka.

Mjomba alikaa kwenye benchi la wateja. "Tangu ule mkanda wa mashine ulipokatika. Ulikwenda kununua grisi. Nilizima injini, nikaja kuazima koleo kwako, nikalikuta limesimama. Nikafunga mkanda, nikawasha, nikaja kulisukuma. Uliporudi lilikuwa linakwenda."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Ulirudi unapiga mluzi." Akakohoa, akapangusa mdomo. "Na wewe usipokuwa na gurudumu unakuja kunisumbua mimi."

Hakuna aliyecheka. Baba alihesabu kimoyomoyo, nilimwona: dizeli, viroba vitupu, chakula cha kusimama, kikohozi. Akakaa chini sakafuni kati ya kaunta na beseni la maji.

"Kumbe upepo ule," alisema, "alikuwa ananisagia mimi."

Akalia. Sikuwa nimewahi kumwona baba akilia, na nilidhani analilia gurudumu. Nilikuwa mdogo, nisamehewe.

Injini haikuwashwa tena. Mama alimhamishia mjomba kwenye kibaraza chetu, kwenye kiti cha kamba chenye mto, mahali penye hewa. Kesho yake baba aling'oa gurudumu kwenye ukuta wa zege, tukadhani linakwenda kutupwa na jina la mlangoni litafuata. Alilitundika kwenye nguzo ya kibaraza, chini kidogo, mahali ambapo mkono wa mtu aliyekaa kwenye kiti kile unafika.

Hapo ndipo lilipoishi maisha yake mazuri zaidi. Mjomba alikaa na kulisukuma kwa kidole kila lilipoanza kuchoka. Akisinzia, baba aliacha kazi akaja kulisukuma. Baba akiwa na mteja, mama alipita na ndoo yake akalisukuma kwa kiwiko, huku akilalamika kwamba sasa ameolewa na saa mbili za ukutani. Kifua cha mjomba kilipata nafuu, kikampa muda ambao daktari hakuwa amemwahidi.

Mwalimu alirudi na pancha nyingine, kama kawaida. Alisimama mbele ya kibaraza akatazama.

"Linazunguka, fundi?"

"Linazunguka."

"Lenyewe?"

"Lenyewe kabisa," baba alisema, amemkazia macho.

"Mimi shahidi," mjomba akadakia, kidole chake kikiwa bado ukingoni.

Mwalimu alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeshindwa kwa haki, akaomba kiti akae nao.

Mjomba alituacha asubuhi moja, amekaa pale pale, muda mfupi baada ya kulisukuma. Mama alipiga yowe, majirani wakajaa, wakambeba kumwingiza ndani. Vijikono viliendelea kugonga, ko, ko, ko, na mtu mmoja, kwa nia njema, akanyoosha kiganja alisimamishe.

"Liache," baba alisema.

Akavuta kigoda, akakaa mbele yake, mikono magotini. Watu waliokuwa wakiingia na kutoka walipita kwa pembeni wasiliguse. Alitaka msukumo ule wa mwisho wa shemeji yake uende mpaka pale unapoishia, bila mtu kuuongeza wala kuupunguza. Nilikaa sakafuni karibu naye, na wote wawili tukausikiliza.

Ulichukua muda mrefu. Baba alikuwa fundi mzuri wa gololi.