Mguu wa Tarjei

Siku mjukuu wangu Ingvill alipokuja kumrekodi kaka yangu, nilisimamisha saa ya ukutani, nikachomoa friji, na paka nikamfungia stoo. Ndivyo alivyotaka mwenyewe. Ingvill ni fundi wa kurekodi muziki huko Oslo, na masikio yake husikia hata panya akipiga mwayo ukutani.

"Bibi, na theluji inayodondoka kutoka paani je?"

"Hiyo kamwambie Mungu," nikamjibu. "Mimi nimeshamaliza vya kwangu."

Kaka yangu Tarjei ana miaka themanini na mmoja, na fidla amepiga tangu miguu yake haijafika chini akikaa kitini. Lakini vidole viwili vya mkono wake wa kushoto vimeanza kujikunja kuelekea kiganjani. Ni ugonjwa wa ukoo wetu, baba alikuwa nao, na babu pia. Jumatatu angepasuliwa, na daktari hakuahidi kitu. Ulikuwepo wimbo mmoja wa kuchezea ngoma, springar ya baba yetu, ambao hakuna mwingine anayeujua. Wanafunzi wamepita kwake kila mwaka na hakuna aliyekaa akajifunza wimbo huo. Usingerekodiwa wiki ile, ungekwenda naye.

Aliupiga mara tatu sebuleni kwangu, mbele ya vipaza sauti viwili. Kwetu mpiga fidla hukaa, na mguu wake hupiga sakafu kwa nguvu.

"Babu, ungevua viatu," Ingvill alimwomba. "Mguu unafunika nyuzi."

"Nikivua nitapiga kama mtu anayenyatia kuku wa jirani."

Akavua, kwa kumpenda mtoto. Akapiga akiwa na soksi, na sakafu bado ikanguruma. Mimi nilicheka ndani ya aproni.

Ingvill alijifungia na kompyuta yake chumba cha juu siku mbili. Chakula nilimwachia mlangoni. Alhamisi mchana akashuka na kompyuta yake, macho mekundu, uso umejaa furaha, akatuita. Nikaweka kahawa, na mikate myembamba ya viazi yenye siagi na sukari. Akabonyeza.

Ilikuwa safi kama maji ya chemchemi. Kila noti imesimama mahali pake. Pumzi ya Tarjei haikusikika, wala kiti, wala mguu. Tarjei alisikiliza mpaka mwisho, akakoroga kahawa ambayo hakuitia sukari.

"Anapiga vizuri huyu," akasema. "Ni mtu wa wapi?"

Ingvill akacheka. "Ni wewe, babu."

"Aa," akasema Tarjei, akachukua mkate mwingine.

Kwetu mtu akipewa zawadi isiyomtosha, huivaa hivyo hivyo na kushukuru. Nikajua angekwenda hospitali na kimya chake, na wimbo wa baba ungebaki umevaa koti la mtu mwingine. Lakini mimi shule niliishia darasa la saba. Ningemwambia nini fundi wa Oslo kuhusu mashine zake? Ninachojua ni vitendawili.

"Ingvill, kitendawili."

"Tega, bibi."

"Nina miguu mitatu, mmoja mrefu, mmoja wa kati, mmoja mfupi, na sichechemei."

Akawaza. "Kigoda kibovu?"

"Kigoda kibovu huchechemea. Nipe mji."

"Nakupa Oslo."

"Oslo ninayo, mwanangu yuko huko. Sogeza meza."

Nikamshika Tarjei mkono. Sisi wawili tumecheza springar tangu utotoni, kila harusi ya bonde hili. "Rudia wimbo wako," nikamwambia Ingvill. Tukaanza. Hatua ya kwanza sawa. Ya pili, mguu wangu ulishuka na sakafu haikuwepo. Kwenye mzunguko Tarjei akanikanyaga kidole.

"Mzee, umelewa kahawa?"

"Nimekanyaga palipo na wimbo," akasema. "Wewe ndiye hukuwepo."

"Sasa weka ule wa kwanza, ambao hujaugusa," nikasema.

Ingvill aliuweka. Mguu ukanguruma, hatua ya kwanza ndefu, ya pili ya kati, ya tatu fupi, na miguu yetu ikaenda yenyewe kama ng'ombe wanaojua njia ya zizini. Tulipomaliza sikuwa na pumzi.

Ingvill alikuwa amekaa. "Springar," akasema polepole. "Jibu ni springar. Nilidhani babu anachelewa. Nilidhani ni uzee, nikazisawazisha hatua zote."

"Ulitaka kunipendezesha," Tarjei akasema.

"Nilitaka watu wasiokujua wasikucheke. Na usifikiri ule mwingine haujaguswa, babu. Mahali nilipoweka kipaza sauti, nimeshachagua. Ningekiweka karibu na mguu, ungekuwa mpiga ngoma. Siwezi kutokugusa."

Hilo lilinikalia moyoni. Hata mimi ninapokata mkate, huchagua kipande cha kumpa mgeni.

"Basi turudishe kila kitu kilivyokuwa," nikasema.

"Hapana," Tarjei akasema.

Tukamgeukia. Akanyoosha mkono wake wa kushoto mezani, vile vidole viwili vimeinama.

"Mara ya pili wimbo unaporudi juu, kidole hiki hakikuufikia uzi. Mnasikia? Unalia kama paka wa stoo. Hapo si mimi, ni ugonjwa. Mara ya kwanza nilipofika hapo nilipafikia. Chukua kipande cha pale, kiweke hapa."

"Lakini hiyo nayo ni kubadilisha," nikasema. "Leo ni kidole, kesho ni nini?"

"Dada, ukinikuta njiani suruali imechanika, utanifunika kwa shali yako au utanibadilisha kichwa?" Akamtazama Ingvill. "Mguu niachie. Mkono nisitirie."

Mimi mpaka leo sina hakika. Ningekiacha kidole kile. Baba naye mwishoni hakuufikia uzi, na ndivyo ninavyomkumbuka. Lakini wimbo ulikuwa mikononi mwa Tarjei, siyo mwangu.

Ingvill hakurudi chumba cha juu, alifanya kazi hapo hapo sebuleni. Alijaribu kushona kipande kile mara nne, na kila mara mshono ulisikika, kwa sababu alikuwa akihesabu mistari kwenye kioo cha kompyuta. Tarjei akainuka.

"Simama, mtoto. Hujawahi kucheza?"

"Nilikuwa na aibu, babu."

"Njoo na aibu yako."

Alimzungusha sebuleni mara saba au nane, akimnong'oneza, ndefu, ya kati, fupi, mpaka akaacha kunong'ona na msichana akaendelea. Kisha Ingvill akarudi kitini, akavua viatu, akafumba macho mbele ya mashine yake. Mkono ulikuwa kwenye kitufe, na mguu wake, wenye soksi ya sufu niliyomfumia mimi, ukaanza kupiga sakafu.