Mende wa Hakimu

Nilirudi nyumbani Alhamisi alasiri, baada ya siku mbili za matibabu ya macho, nikamkuta Hakimu amelala kifudifudi ndani ya sanduku lake la kioo, mguu wa nyuma ukimtetemeka kama sindano ya cherehani. Hakimu ni mjusi wa jangwani, mwenye miiba shingoni, mrefu kama mkono wangu kutoka kiwikoni hadi vidoleni. Tulimwita hivyo kwa sababu hukaa juu ya jiwe saa nzima akimkazia mtu macho, kana kwamba anasubiri ushahidi zaidi. Ni wa mjukuu wangu, binti wa miaka kumi na mmoja. Chakula chake, hata hivyo, ni kazi yangu.

Yafaa nieleze kazi hiyo, maana asiyeielewa atadhani hasira yangu ni ya uzee tu. Mimi hufuga mende. Si wale wa jikoni wanaojificha chini ya jiko taa ikiwashwa. Hawa ni mende wa kufugwa, wazito, wasioruka, na hukaa stoo katika kasha la plastiki ambamo nimesimamisha trei za mayai, zile za karatasi, ili wapate pa kujificha. Siku moja kabla ya kuwatoa ninawashibisha karoti na majani mabichi, kwa sababu walichokula wao ndicho atakachokula mjusi. Mende asiwe mrefu kuliko nafasi iliyo kati ya macho ya Hakimu. Na jambo la mwisho, ambalo nilimkaririsha mjukuu wangu mpaka akanikaririsha mimi: gonga trei, kisha chagua anayekimbia. Asiyekimbia ana ugonjwa au ana sumu. Mwondoe.

Alhamisi hiyo nilifunua kasha nikaona mende wengi wamelala chali, miguu ikicheza hewani. Macho yangu yalikuwa bado na ukungu wa dawa, lakini hilo nililiona.

"Profesa! Njoo hapa."

Ndivyo ninavyomwita, siku njema na siku mbaya. Alikuja na sare yake ya shule.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Nani amemlisha Hakimu?"

"Mimi, jana asubuhi. Nilimpa wanne. Leo amekataa kula. Na wale wanne walikuwa wanakimbia kweli, babu. Mmoja aliniingia kwenye mkono wa sweta, nikapiga kelele mpaka baba akaja na fagio."

"Mjusi anatetemeka, mende wako chali, nawe unaniletea hadithi ya sweta? Ulichagua wazembe kwa kuwa ni rahisi kuwashika."

"Sikuchagua wazembe."

"Unanijibu?"

Baba yake, ambaye ni mwanangu wa pekee, alikuwa amesimama mlangoni na funguo za gari mkononi. Alisikia kila neno. Nilimwamuru binti aketi mezani aandike kanuni ile mara hamsini, kama nilivyoandikishwa mimi nilipokuwa mwanafunzi. Aliandika huku machozi yakidondokea daftari na wino ukitapakaa. Baba yake alipita nyuma ya kiti, akamgusa bega, akasema, "Andika tu, mama. Babu yako akishaamua, ameamua."

Nawaomba wasomaji wayashike maneno hayo.

Kesho yake asubuhi nilimwombea binti ruhusa shuleni, tukampeleka Hakimu kwa daktari wa mifugo, mimi, binti na baba yake. Daktari ni mama mfupi mwenye mikono mipana, asiyependa maneno mengi. Alikuwa ameniagiza kwa simu nije na chakula chenyewe, nami nikabeba mende sita katika chupa pamoja na kipande cha trei.

"Daktari," mwanangu alisema, akijaribu kucheka, "huyu mzee anawapenda mende wake kuliko mimi mwanawe."

"Nao wanakula karoti bila kulalamika," daktari alimjibu. "Jaribu, huenda nawe akakupenda."

Alimgeuza mende mmoja kwa ncha ya penseli. Akanusa trei. Kisha akaipitishia pamba yenye maji, na pamba ikatoka na unga mweupe.

"Mzee, trei hii umeipata wapi?"

Niliitwaa, nikaisogeza dirishani. Trei zangu ni za kijivu. Hii ilikuwa na wekundu kwa mbali, na pembeni umenata unyoya wa kuku.

"Hii si yangu," nikasema.

"Huu ni unga wa kuua utitiri wa kuku. Mende akiukanyaga hulegea kwanza, kisha hufa. Mjusi akimla, anakula na sumu." Akamgeukia binti, ambaye mkono wake ulikuwa juu ya mgongo wa Hakimu. "Amekula wangapi?"

"Wanne tu."

"Kwa hali hii hawawezi kuwa wanne. Nahitaji kujua ni wangapi na lini. Nikizidisha dawa nitamuua, nikipunguza atakufa mwenyewe."

Nilimtazama mwanangu. Mwanangu alikuwa akisoma bango la meno ya ng'ombe ukutani kwa bidii ambayo hakuwahi kuwa nayo alipokuwa darasani.

"Ni wewe uliyebadilisha trei?"

"Zile zako zilikuwa zimeoza, mzee. Zinanuka. Nikapata nyingine kwa jamaa yangu mmoja mwenye kuku. Nilikuwa nasaidia."

"Lini?"

"Juzi mchana. Jioni nikamwona Hakimu ananikodolea macho, nikampa kidogo."

"Kidogo ni wangapi?" daktari aliuliza.

"Saba." Akazungusha funguo kidoleni. "Wanane. Walikuwa wametulia, kuwashika ni…"

Daktari aliandika, akavuta dawa kwenye bomba la sindano, akaendelea na kazi yake.

"Ulisimama mlangoni," nilimwambia mwanangu.

"Mzee, hapa si mahali pake."

"Ulisimama mlangoni, ukanisikia nikimwadhibu mtoto wako kwa kosa lako, ukamgusa bega!"

"Ningesema nini? Nina miaka arobaini na mitatu, na bado ukiinua sauti natafuta pa kujificha."

Hilo lilinichoma. Halikunipunguzia hasira hata chembe, ila liliigawa, nusu yake ikanirudia mwenyewe.

Binti hakuinua sauti. "Baba, daktari angekosea dawa."

"Mama, sikiliza…"

"Usiniite mama. Hakimu angekufa, na wewe ungeniacha niamini ni mimi."

Nilisimama wima nikamwambia mjukuu wangu, mbele ya daktari, kwamba nilimhukumu bila kumsikiliza, na kwamba naomba radhi.

"Nimekusikia, babu," akasema. Hakuongeza neno, nami sikustahili kuongezewa.

Hakimu alilazwa siku nne. Yu hai, ila mguu ule anauburuta. Mende wote walikufa, na trei nilizichoma moto. Jumamosi ya wiki iliyofuata, kabla ya kuleta mende wapya wa mbegu, nilimkabidhi mwanangu kasha, ndoo ya maji ya moto na brashi. Alipiga magoti uani, mikono ya shati imekunjwa, jasho linamtiririka. Sikumwonea huruma wala sikumsaidia. Binti alisimama juu yake na mikono kiunoni.

"Umesuuza mara ngapi?"

"Mara tatu."

"Kweli?"

Mwanangu alitazama maji yaliyomo ndani ya kasha. Kisha akanitazama mimi, nikageuza uso.

"Mara moja," akasema.

"Basi suuza tena."