Mshale wa Mzamu

Wewe unayenisoma, umewahi kukiogopa kimya cha jenereta? Sisi wa mtaa wa Buyenzi, mwaka ule wa vita wa 2003, tulikiogopa kuliko mlio wake.

Jumamosi hiyo umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Mjukuu wangu Houda alitandaza makaratasi kwenye meza yangu, ile yenye kitambaa cha plastiki cha maua ya njano, akayabana kwa mchi wa kinu na bakuli la sukari. Mwenzake wa kazi, Gaël, alikaa upande wa pili. Kompyuta yao ilivuta umeme kwa waya mrefu kutoka kwenye jenereta ya Shaabani, fundi wa kuchomelea, jirani yetu ukuta kwa ukuta. Mimi nilikuwa mkekani mlangoni nachambua ndagala, vile visamaki vikavu vya ziwani, vichwa huku, mchanga huku.

Walikuwa wanatengeneza programu ya kliniki moja ya Kinindo. Kliniki ilinunua kuvezi, visanduku vya kioo vya kuwapa joto watoto waliozaliwa kabla ya siku zao. Programu ndiyo ingechagua kuvezi zitumie umeme wa mji, wa jenereta, au wa betri. Jumatatu watoto wa kwanza wangeingizwa.

Gaël alichora: kila hali na kisanduku chake, na kutoka kisanduku hadi kisanduku, mshale. Hata mimi niliyeishia darasa la sita niliufuata mchoro kwa kidole. Pembeni kulikuwa na kisanduku alichokipaka weusi: kuvezi bila umeme. Houda naye alichukua kila mshale akaugeuza sentensi ya hesabu, ya aina isiyokubali "labda", akailisha kompyuta itafute kama ipo njia yoyote ya kufikia kile cheusi. Jicho likiona mchoro mzuri huamini upesi, aliniambia, ndiyo maana hauachwi peke yake.

Kompyuta ilishasema njia hakuna. Ilibaki sahihi ya Houda kwamba programu ni salama, na Houda alikuwa anazungusha kalamu tu.

"We dada, unangoja malaika ashuke akusainie?" Gaël akamtania. "Unataka nini tena?"

"Apana kitu."

Jibu hilo alilijifunza utotoni, miaka ya mwanzo ya vita, kwenye bariyeri ya barabarani, vijana wenye mapanga walipotuuliza tunatoka wapi na tunataka nini. Aliyesema "apana kitu" huku anatazama chini, alipita. Bariyeri ile iliondolewa, jibu likamkaa mdomoni.

"Ni hii sentensi tu," akasema baadaye. "Hatukuithibitisha, tumeipokea hivi hivi: jenereta ikisimama, basi umeme wa mji umerudi."

"Sasa nani atazima jenereta umeme haujarudi? Kichaa?"

Tukacheka wote.

Alasiri milio ya risasi ikaanza upande wa milimani, kwanza mmoja mmoja, kisha ikamwagika kama mvua. Shaabani akazima jenereta yake palepale, kama kila mtu mjini, maana ikinguruma huwaonyesha wenye bunduki penye mali, tena humzuia mtu kusikia nyayo. Tukalala chini, miguu ya Gaël ndani ya ndagala zangu. Kompyuta ikaendelea kwa betri yake. Hakuna aliyeshangaa.

Houda akainua kichwa. "Gaël. Shaabani amezima."

"Si anazimaga kila siku?"

"Na mzamu anayelinda kliniki?"

Milio ilipopungua Gaël aliinuka, akachora mshale mpya: mzamu anasikia risasi, anazima. Houda akaugeuza sentensi, akaifuta ile waliyoipokea. Safari hii kompyuta iliiandika njia. Umeme wa mji unakatika, jenereta inawaka, risasi zinalia, mzamu anazima. Programu inadhani umeme wa mji umerudi, haiigusi betri, inaziunganisha kuvezi na waya wa mji usio na umeme. Kisanduku cheusi.

"Mungu wangu," Gaël akasema. "Na kwetu mi ndiye ninayezimaga."

Dokta Sylvère, mkurugenzi wa kliniki, alifika bila kuzima gari, akiwahi kabla bariyeri za jioni hazijafunga barabara. Hakukaa. Gaël alimweleza, akamwonyesha mshale.

"Mshale mtauweka baadaye. Mzamu tutamkataza asizime. Wageni wa Jumatatu wamealikwa, na redio itakuja."

"Tutamkataza na kuogopa, Dokta?" Gaël akauliza.

Dokta akamwacha, akamsogezea Houda karatasi ya sahihi, kwa upole wa mtu anayejua atakachojibiwa. "Binti yangu, kuna shida? Unataka nini?"

Niliacha ndagala. Nililiona lile jibu linapanda kooni mwake, nikaliona linarudi. Akaweka kalamu mezani, kando ya mchi.

"Nataka, Dokta," Houda akasema. "Nataka watoto wasiingizwe humo Jumatatu."