Unga Kwanza, Kukanda Baadaye

Mikate ilitoka tanurini mibichi kama ilivyoingia. Trei arobaini. Injinia akabonyeza mmoja kwa kidole, shimo likabaki.

"Tanuri limekufa," akasema.

"Halijafa," nikasema. "Limetii."

Tulikuwa watu tisa pale, aproni viunoni. Meneja alishatamka: likishindikana hadi saa sita mchana linang'olewa, na sisi tisa tunatoka nalo.

Programu ya tanuri lile aliiandika mjomba wangu, fundi mitambo wa kiwanda, kabla kiharusi hakijamlaza. Lugha yake ilikuwa ya ajabu: namba unaweka kwanza, amri inafuata. Namba zinapandana kama trei, na amri inachukua ya juu. Neno likikosekana, unalitunga mwenyewe. Mjomba alitunga *pasha* na *oka*, kisha akaandika: 18 220 pasha oka. Pasha inachukua 220, nyuzi za joto. Oka inachukua 18 iliyobaki, dakika.

Mimi shule niliacha darasa la sita. Mwalimu alitaka kanuni kwanza, namba baadaye. Mimi sikuona kitu, naye alichapa. Mjomba aliponionyesha ule mstari wakati wa chai, nilielewa kabla kikombe hakijapoa. Unaweka unga mezani, maji, chumvi, hamira, ndipo unakanda. Nani anakanda meza tupu?

Asubuhi ile injinia alitaka joto liongezwe. Akaunyoosha mstari uonekane wa watu wenye akili zao: 18 pasha 230 oka.

"Umeliambia lipashe nyuzi kumi na nane," nikamwambia. "Hata humu ndani kuna joto kuliko hapo. Halafu lioke dakika mia mbili thelathini."

"Nani anaandika kinyumenyume hivi?"

"Mwachie, injinia," akadakia dada wa mizani. "Huyo hata fulana huvaa kinyumenyume."

Watu wakacheka. Injinia hakucheka.

"We mpanga trei, umesomea wapi haya?"

"Sikusoma. Sogea."

Akasogea. Nikaandika 18 230 pasha oka. Moto ukanguruma. Ilikuwa saa tano na nusu.

Tanuri lile lilidumu miaka minne zaidi, kisha likaletwa jipya lenye vitufe viwili, ambalo halihitaji mtu kufikiri. Kompyuta iliyokuwa ikiliendesha lile la zamani niliichukua. Mke wangu anaifutia vumbi na kuniuliza natafuta nini humo. Natunga maneno, basi.

Jioni ya siku ile nilimpelekea mjomba mkate wa kwanza. Tangu augue, maneno yalimtoka moja moja, kwa kuyavuta.

"Mkate," akasema.

Nikangoja.

"Kisu."

Mkewe akafungua mdomo amalizie. Nikamzuia kwa mkono.

"Kata."

Nikakata.