Ngozi ya Plastiki

Ngozi yenyewe ilikuwa ya plastiki. Angélique aliitambua mara tu ilipotolewa kwenye mfuko: kitambaa kile kile cha madoadoa ya chui ambacho maduka ya jumla ya katikati ya Johannesburg huwauzia watu wafunikie makochi. Sindano ya cherehani ilikuwa imeshakatika mara mbili juu yake, na Bi Lerato, afisa wa mradi kutoka ofisi ya elimu ya wilaya, alikuwa amesimama mlangoni akitazama saa.

"Hii si nguo ya watu wa Sanna," Angélique alisema kwa Kiingereza chake cha kuokoteza. Akafungua kabati, akatoa gauni refu la viraka, bluu na nyekundu na maua madogo, la kufika vifundoni, pamoja na shali yake. "Wanama wanavaa hili. Kanisani, harusini. Mama yake alilishona mwenyewe."

Lerato alilinusanusa kwa macho, kama mtu anayepima dagaa wa juzi sokoni.

"Hilo ni la wamisionari. Mgeni rasmi anatoka wizarani, mama. Akiliona atadhani tumemletea kwaya. Sisi tunataka kitu cha asili."

Sanna, ambaye ndiye mwenye asili hiyo, alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyofunikwa, daftari la hesabu magotini. Hakuulizwa neno.

Mama yake, Katrina, alikuja mjini kutoka nchi kavu ya Wanama, kaskazini-magharibi, akashona vifungo kando ya Angélique kwa miaka sita, kisha kifua kikuu kikamaliza kazi yake. Aliacha gauni na mtoto wa miaka saba. Mtoto alizaliwa kwenye shamba la kondoo, na mkunga hakuwa na mhuri. Angélique alipompeleka kutafutiwa cheti cha kuzaliwa, karani alitazama karatasi yake ya ukimbizi, ya mwanamke wa Bukavu, Kongo, akamtazama mtoto, akaandika kwamba uraia haujulikani. Watu waliokuwa kwenye ardhi hii kabla ya huyo karani kuwa na babu, uraia wao haujulikani.

Sasa Sanna alikuwa darasa la mwisho, wa tatu katika hesabu shule nzima, na bila namba ya kitambulisho hangeweza kuandikishwa kwa matriki, mtihani wa kumaliza shule. Uandikishaji ungefungwa Ijumaa saa kumi jioni. Saini moja ya Mkurugenzi wa elimu wa wilaya ingetosha kumwingiza kwa muda. Lerato alikuwa ameahidi: msichana akisimama jukwaani Alhamisi, saini itapatikana.

Maana wilaya ilikuwa na mradi wa kuwainua wanafunzi wa asili. Ilikuwa na bajeti, fulana na wimbo. Kitu pekee ilichokosa ni mwanafunzi, kwa sababu kwenye fomu zake za usajili hapakuwa na mahali pa kuandika Mnama. Walitafuta kwa midomo ya walimu mpaka wakampata mmoja, na huyo mmoja ndiye waliyekuwa wakikaribia kumfungia nje ya mtihani.

Angélique alishona plastiki. Alikuwa na hasira ya kutosha kuichana, lakini alishona, akaongeza simbi pindoni kama alivyoagizwa.

Alhamisi ukumbi ulijaa. Mkurugenzi, mwanamke mnene wa sauti laini, alizungumza dakika arobaini juu ya watoto wa kwanza wa ardhi hii. Alisema waliporwa kila kitu. Alisema wilaya yake haitamwacha hata mmoja. Mgeni rasmi alitikisa kichwa huku akiandika ujumbe kwenye simu. Kisha Sanna akapandishwa jukwaani akiwa na madoadoa yake, Mkurugenzi akamwomba awasalimu kwa lugha ya mababu.

Sanna hakuijua lugha hiyo. Mama yake mwenyewe alipigwa shuleni hadi lugha ile ikamtoka. Alichokuwa nacho kumwachia mwanawe ni Kiafrikana, lugha ya Makaburu. Msichana alijua hicho, Kiingereza, Kizulu, na Kiswahili cha Kikongo cha kwa Angélique.

"Sema chochote," Lerato alinong'ona nyuma yake. "Nani atajua?"

Sanna alimtafuta Angélique kwa macho, kule nyuma karibu na sufuria za chakula. Akashika kipaza sauti.

"Mama Angé," alisema polepole, "minasikia haya. Hii kitu inaniwasha mwili yote. Mambo ikiisha, tuende nyumbani."

Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Mkurugenzi alitoa kitambaa akajipangusa macho, akiwaambia waandishi kwamba lugha hii haipaswi kufa. Angélique hakupiga makofi. Alitamani kuwamwagia sufuria ya mchuzi, kuanzia mstari wa mbele.

Baada ya picha, Sanna alimpa Mkurugenzi barua ya mwalimu mkuu ya kuomba saini ile. Mkurugenzi aliishika mpaka kamera ilipomaliza, akamrudishia.

"Kesho njoo nayo ofisini, binti yangu. Mlango wangu uko wazi."

Ijumaa saa tisa alasiri walikuwa kwenye geti la ofisi ya wilaya. Sanna amevaa sare, barua ndani ya bahasha ya plastiki. Mlinzi alikuwa François, mtu wa Uvira, wa kanisa moja na Angélique.

"Mama, karibu. Leta kitambulisho niandike."

Angélique alitoa karatasi yake. François akaandika, kisha akamgeukia msichana.

"Na ya mutoto?"

"Mutoto hana. Njo hiyo tumekuja kutafuta."

"Eish." François alikuna shingo. "Bila kitambulisho haingii, Mama. Miye nawajua wote wawili, lakini iko kamera pale. Watanifukuza."

"Basi piga simu kule juu."

Akapiga. Alisikiliza kwa muda mrefu, akisema ndiyo, ndiyo, madam.

"Lerato anasema Mkurugenzi alienda Durban asubuhi. Kwenye semina. Anasema muandike imeili."

"Semina ya nini?"

"Ya hawa watoto wa asili."

Angélique alikaa kwenye ukingo wa barabara. Ilikuwa saa tisa na robo. Sanna alibaki amesimama. Aliitoa barua kwenye bahasha, akaisoma tena kama vile ingekuwa imebadilika, akairudisha.

Upepo ulivuma, na bango kubwa lililotundikwa asubuhi ile kwenye uzio likachomoka kona moja, likaanza kupigapiga vyuma. Sanna alikuwa ndani yake, mrefu kuliko gari, na madoadoa na simbi, mdomo wazi kwenye kipaza sauti. Juu ya kichwa chake waliandika: *Hakuna Mtoto wa Asili Atakayeachwa Nje.*

François alikuja mbio na waya na kiti.

"Wakikuta imeanguka, ni miye," alisema. "Sanna, nisaidie. Shika hapo chini."

Sanna alishika kona, kwenye miguu yake mwenyewe.

"Vuta kidogo," François alisema kutoka juu ya kiti. "Ikae sawa."

Akavuta.