Uso wa Griffin Ukutani

Alhamisi asubuhi Bi Mishi alikuwa akichagua mawe kwenye mchele wa wageni, pale Griffin alipoingia jikoni bila kubisha hodi na bila kuamkia. Kubisha hodi si kitu, vijana wa siku hizi milango wanaijua kwa kuisukuma. Lakini shikamoo! Miaka miwili tangu afike Kituo cha Nanga, kijana huyu hakuwahi kumpita Bi Mishi bila shikamoo, hata alipokuwa na malaria na meno yakigongana kama vijiko.

"Leo adabu umeiacha chini ya mto?" Bi Mishi akamtania.

Griffin hakucheka. "Umeniona ukutani, Ma Mishi?"

"Ukuta upi?"

"Wa kona ya kwenda feri. Twende ukanione."

Bi Mishi akafunika sinia, akajitupia leso, akamfuata. Kazi yake kituoni, kwa maandishi, ilikuwa "mlezi." Kwa vitendo alikuwa mpishi, hakimu, tabibu wa majipu na mtafutaji wa viatu vilivyopotea. Kituo chenyewe kilikuwa hapo Bofu, nyumba ya mabati mekundu, na kilikusanya vijana waliolala stendi, waliolala chini ya malori, na wale waliotoka katika nyumba ambazo afadhali lori. Waliwalisha, wakawapa kitanda, kisha wakawatafutia fundi wa kuwafunza kazi. Kazi njema. Bi Mishi alikuwa na miaka minane ndani yake na hakuwahi kuionea haya.

Mpaka alipofika kona.

Bango lilikuwa refu kuliko mlango wa msikiti. Griffin alikuwa pale juu, anacheka, bisibisi mkononi, katika fulana ya bluu. Juu ya kichwa chake, kwa herufi ambazo hata asiye na miwani angezisoma akiwa ng'ambo: JANA NILIIBA SIMU. LEO NATENGENEZA FRIJI. Na chini, ndogo kidogo: Asante, Kituo cha Nanga.

Bi Mishi akasoma mara mbili. Kisha akauliza swali ambalo angetoa jino alirudishe.

"Kwani uliiba simu?"

Griffin akamtazama. "Hata wewe?"

Hakuwa ameiba. Bi Mishi alikijua kisa chake kama alivyoijua chumvi ya mchuzi wake. Babake wa kambo alimfukuza huko Mikindani akiwa na miaka kumi na mitano. Akaenda Miritini, akawa anaosha vioo vya malori yanayosubiri mizigo, na usiku analala chini ya trela. Mwizi alikuwa yule aliyemwibia yeye ndoo yake ya kuoshea.

Na neno lenyewe, jamani. Kuna mitaa ambayo mtu akiitwa mwizi huenda mahakamani. Kwetu Likoni neno hilo likitajwa, mawe huwa yameshaokotwa kabla sentensi haijaisha. Sasa wao wakaliandika, wakalibandikia uso, wakalitundika njiani.

"Jana pale stendi," Griffin akasema, "jamaa wawili walitazama bango, wakanitazama mimi, wakatazama bango tena. Mmoja akainama. Sikungoja kuona anaokota nini."

"Na Abdulghani amesemaje?"

Hapo ndipo palipokuwa na kidonda. Abdulghani alikuwa fundi wa mafriji aliyemchukua Griffin kwa majaribio, na Jumatatu hii alikuwa amwajiri kabisa, aanze kwenda naye majumbani kwa wateja. Sasa Bi Nadira, auzaye barafu na juisi ya ukwaju, mteja mkubwa kuliko wote, alikuwa amepiga simu: friji yangu imekufa, njooni Jumatatu, lakini yule mwizi wa ukutani asikanyage kwangu.

"Ameniambia hivi: 'Mimi nakujua, Griffin. Lakini sikaribishwi nyumba za watu kwa moyo wangu, nakaribishwa kwa jina langu. Ikifika Jumatatu picha bado iko, nitamchukua mwingine.'"

Bi Mishi akakaza leso kiunoni. "Na nani aliyempa mkurugenzi wetu Musyoka ruhusa ya kukuweka pale? Nani?"

"Mimi."

"Wewe?"

"Nilitia sahihi. Siku ile ya kwanza." Griffin alisema polepole, kama anayemweleza mtoto. "Ulikuwa na sahani mkono mmoja na kalamu mkono wa pili. Sikuwa nimekula siku mbili. Nikakuuliza hizi karatasi zinasema nini. Ukaniambia, 'Tia, mwanangu, ni karatasi tu, wali unapoa.'"

Ndivyo ilivyokuwa desturi ya Nanga, na mwenye desturi ni Bi Mishi mwenyewe. Kila mgeni atie sahihi kwanza, kisha apakuliwe, maana wakishashiba hulala, na ofisi hugomba kwamba fomu hazijajazwa. Kusoma alijua, na Kurani na gazeti akisoma. Ile fomu hakuwahi kuisoma hata siku moja.

Hasira ina tabia mbaya: ukiitafutia mtu wa kumpa, huanza kwa kukurudia wewe. Bi Mishi aligeuka, akaenda moja kwa moja ofisini.

Musyoka alikuwa akipanga viti vya wageni wa Jumamosi, wafadhili wa Kituo. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililoudhi zaidi. Mtu mbaya unamtukana unalala. Musyoka alikuwa amewahi kumbeba mgonjwa mgongoni kutoka Bofu mpaka zahanati, kwenye mvua.

"Mama Mishi, karibu. Pilau tumefika wapi?"

"Pilau haijambo. Lile bango lishuke leo."

Musyoka akatabasamu tabasamu la semina. "Wageni wanataka kupigwa picha mbele yake. Jumanne tutalishusha."

"Jumanne huja baada ya Jumatatu."

"Siku za wiki nazijua, mama."

"Basi unajua na unalolifanya! Kijana anapoteza kazi Jumatatu. Kazi tuliyomtafutia sisi wenyewe! Na uwongo huu wa simu umeutoa wapi?"

Musyoka akaweka kiti chini. "Nisikilize. Kijana aliyeosha vioo vya malori hamtoi mtu machozi. Nimejaribu. Nimeandika visa vya kweli miaka mitatu, watu wanasoma wanasema pole, wanafunga pochi. Wapo arobaini wanaokula hapa. Unadhani huo unga hushuka na mvua? Mmoja akivumilia siku tano, arobaini watakula mwaka mzima."

"Basi vumilia wewe. Weka uso wako pale, andika uliiba."

"Lakini mimi sijaiba."

Akasikia mwenyewe alichokisema. Bi Mishi alimwachia nafasi akisikie vizuri.

"Naye pia," akasema.

Musyoka akavuta faili, sasa uso umekaza. "Alikubali. Wote wamekubali. Sahihi hizi hapa, na shahidi ni wewe." Akamfungulia ukurasa wa pili. Bi Mishi akasoma kwa mara ya kwanza maneno ambayo watoto wa watu waliyatia sahihi mbele yake kwa miaka minane: kwamba jina langu, sura yangu na kisa changu vitumike kwa namna yoyote itakayofaa. Na chini yake, jina lake yeye, kwa mwandiko wake wa kujivunia, Mishi, Mishi, Mishi, faili baada ya faili. Njaa ndiyo iliyotia sahihi zile. Yeye alikuwa mshika kalamu wa njaa.

"Utakuwa mpole Jumamosi, mama," Musyoka akasema. Wala hakuwa akiuliza.

Wallahi, nani aliyewahi kumwona mwanamke wa Kidigo akiamrishwa upole na ukamkaa?

Jumamosi saa mbili asubuhi Bi Mishi aliteleka pilau, akaionja, akamkabidhi mwiko Kafedha, msaidizi wake. "Ikishika chini usinilaumu, usimlaumu na Mungu." Akachukua kisu cha kukatia nyama, akakizungushia gazeti, akatoka.

Pale kona akaazima meza ya muuza viazi karai, bila kungoja jibu, akaisogeza ukutani, akapanda. Unene wake na umri wake havikukubaliana na meza ile. Waendesha bodaboda wakaanza.

"Mathe, unagombea ubunge?"

"Nishikie meza wewe, huo ulimi utaushika baadaye!"

Wakaja wawili kuishika, wakicheka. Mwanamke aliyebeba ndoo ya samaki akasimama. "Kwani huyo si yule mwizi?"

Bi Mishi akageuka juu ya meza, kisu mkononi, na vicheko vikaisha. "Huyu nimekaa naye miaka miwili. Hajaiba hata sukari jikoni kwangu, na sukari hata malaika huidokoa! Aliosha vioo vya malori Miritini. Ndivyo alivyofanya. Anayetaka kuandika, aandike hivyo!"

Akaanza kukata. Plastiki ile ilikuwa ngumu kama aliyeitundika. Alikuwa amekata nusu gari la wageni liliposimama, milango ikafunguka, Musyoka akaruka nje na tai yake begani.

"Mama Mishi! Hiyo ni mali ya Kituo!"

"Plastiki ni yenu. Sikatai." Hakusimamisha kisu. Alikuwa akizunguka uso wa Griffin, kuanzia sikio la kushoto, polepole, kama anayemnyoa. "Uso una mwenyewe."

Uso ukatoka. Bango lilibaki na tundu kubwa katikati na maneno yake juu. Bi Mishi akakata kamba zilizobaki, likaanguka miguuni pa Musyoka. "Haya, chukua. Maneno ni yako, uliyatunga mwenyewe."

Mmoja wa wageni alikuwa akipiga picha tu, hajui kama ni sehemu ya shughuli au la. Musyoka alimsogelea Bi Mishi, akamwambia kwa sauti ya chini, "Jumatatu usije kazini."

"Jumatatu nina safari," Bi Mishi akasema, akashuka mezani.

Safari yenyewe haikuwa ndefu. Jumatatu asubuhi alikuwa mlangoni kwa Abdulghani kabla hakujafunguliwa, leso mpya, maneno amejaza kinywa. Abdulghani alimsalimia kwa heshima, akamgeukia Griffin, aliyekuwa akingoja naye.

"Imeshuka?"

"Imeshuka."

"Kwa idhini?"

"Kwa kisu," Griffin akasema.

Abdulghani akacheka kidogo, kisha hakucheka. "Watu wameshaisoma, lakini. Twende kwa Bi Nadira. Akikukataa mbele yangu, sina la kufanya."

Wakaenda watatu, na hakuna aliyemwalika wa tatu. Njiani Bi Mishi alizipanga hoja zake: atasema mtoto hakuiba, atasema amemlea, ataapa, ikibidi atalia. Bi Nadira alifungua mlango, kanga kifuani, harufu ya ukwaju nyuma yake. Akamtazama Griffin kuanzia viatu.

"Abdulghani, nilisema nini kwenye simu?"

"Bi Nadira, habari za asubuhi," Bi Mishi akajitokeza. "Mimi ndiye niliyemlea. Kisa chake hasa ni hiki..."

"Ma Mishi."

Griffin hakupaza sauti. Lakini ilikuwa sauti ile ile ya jikoni, isiyo na shikamoo.

"Musyoka alinisemea. Sasa na wewe unanisemea. Nyamaza, tafadhali. Nitajisemea."

Bi Mishi akafunga mdomo. Kilichomchoma si kunyamazishwa. Kilichomchoma ni kwamba kijana alikuwa na haki, na yeye alikuwa ameshakivuta kisa cha mtu mdomoni kwake kwa mara ya pili. Griffin akasogea kizingitini, akaanza kumwambia Bi Nadira kitu, taratibu, akimtazama machoni. Bi Nadira akauliza swali. Akajibiwa. Akauliza lingine, kali zaidi. Akajibiwa hilo nalo. Kisha akawapisha wanaume wawili na sanduku lao la vifaa, na mlango ukarudi nyuma yao.

Bi Mishi akabaki barazani. Hakuwa na kazi, hakuwa na sahani ya kumpakulia mtu, na hasira yake yote ilikuwa imekosa pa kukaa, ikarudi kumkalia mwenyewe. Akakaa nayo kwenye ngazi. Ndani akasikia friji ikivutwa, kisha Griffin akisema, "Mama, hii waya nani aliifunga hivi?" na Bi Nadira akijitetea kwamba si yeye, ni mume wake.

Baada ya muda dirisha likafunguka. "Na wewe mlezi," Bi Nadira akaita, "utaingia ama nikuajiri bawabu?"

Bi Mishi hakuinuka mara moja. "Yeye amesema niingie?"

Ikatoka sauti ya Griffin, ya mtu aliyeinamia kazi: "Mwache kwanza akae."

Akakaa.