Wifi Anakunywa Maji

Umegeuza uso. Usikatae, nimekuona. Jumatatu ya wiki iliyopita jina la mwalimu mwenzako lilitoweka kwenye ratiba ya kituo chetu cha lugha, na katika kikundi chetu cha simu msimamizi akaandika mstari mmoja tu: "Mabadiliko madogo ya ratiba." Tupo walimu hamsini na wawili mle. Arobaini na tisa mkaweka dole gumba. Na wewe umo. Uliliweka kama mtu anayegonga muhuri, ukarudi kwenye darasa lako, ukawasha kamera, ukatabasamu.

Na wewe mzazi uliyetumiwa maneno haya na mwalimu, usijifiche mgongoni mwake. Mwanao alikuuliza mwalimu kaenda wapi, ukamwambia amalize kula.

Nitakueleza jina lile lilivyotoka. Hutanipenda nikimaliza. Siandiki ili nipendwe.

Mimi sikusomea ualimu. Kifaransa nilijifunza kwa redio na kwa kamusi ya kuokota iliyokosa kurasa za mwisho, ndiyo maana mpaka leo maneno yanayoanzia V kwenda mbele nayatazama kwa jicho la shaka. Kitu ambacho sikujifunza kabisa ni kusahau. Miaka kumi na moja iliyopita, katika shule niliyokuwa nafundisha kwa kibarua, tuliandika barua ya kudai madarasa yagawanywe. Watoto tisini chumba kimoja, wengine wameketi dirishani kama njiwa. Walimu kumi na wawili tulitia saini. Asubuhi yake, kabla barua haijafika kwa mkuu wa shule, saini moja ilikuwa imekatwa. Wala haikukatwa kwa hasira. Ilikatwa kwa rula, mstari umenyooka kama pindo la suruali ya bwana harusi. Tukabaki kumi na mmoja, barua ikachekwa, mimi nikafukuzwa. Karatasi ile ninayo. Mwenye saini ile nikampa jina: Rula.

Miaka mitatu baadaye Rula akaolewa na kaka yangu. Alilifuta jina lake kwenye karatasi yangu, kisha akaja kulichukua la ukoo wetu! Mbele za watu namwita wifi. Moyoni, Rula ni Rula.

Sasa sote tunafundisha mtandaoni, kituo kimoja, kila mtu chumbani kwake. Kanuni mnaijua walimu, lakini wazazi hawajaambiwa, kwa hiyo naisema: darasa likikaa kimya zaidi ya sekunde tano, mashine inamkata mwalimu alama. Alama zikishuka, darasa anapewa mwingine. Basi tunasema. Mimi hasa. Nauliza swali, nalijibu, nalisifu jibu, naenda mbele. Alama zangu hazikuwahi kushuka hata siku moja, na nilitembea nazo kifua mbele.

Siku moja alasiri nilipita kwa mama kumpelekea uzi mweusi. Mama ni fundi cherehani, ana miaka sitini na saba. Chumba chake cha kushonea kina cherehani mbili, pasi, na kiti kimoja ambacho hakikaliwi na mtu kwa sababu kimekaliwa na nguo za watu. Nikakuta simu yake imeegemezwa kwenye kopo la vifungo. Ndani ya simu, uso wa Rula.

Nikangoja mpaka akazima.

"Mama, unajifunza Kifaransa kwa wifi? Na mimi niliyetoka tumboni mwako?"

"Ulitoka unasema, na hujanyamaza tangu siku hiyo." Akakata uzi kwa meno. "Nina wateja wanne wa Kifaransa. Nataka kusema nao mwenyewe."

"Si nakutafsiria?"

"Ukinitafsiria unagombana nao. Yule mama wa gauni la zambarau, ulimwambia nini hata hajarudi?"

"Nilimwambia asimdharau fundi."

"Hakunidharau, mwanangu. Aliuliza choo kiko wapi."

Nikaugeuza uzi mkononi. "Basi ningekufundisha mimi."

"Ulishanifundisha, wiki mbili. Kila nikifungua mdomo, wewe umeshafika mwisho wa sentensi, unanisubiri huko na fimbo. Wifi yako ananiuliza, halafu anakunywa maji."

"Anakunywa maji?"

"Glasi nzima, taratibu. Hanitazami. Mpaka nilipate neno langu."

Nilirudi nyumbani na ule uzi mweusi mkononi. Nilisahau kuuacha.

Tangu siku ile nilikuwa kama mtu aliyewekewa saa tumboni. Najua Rula anaanza darasa saa ngapi, najua anamaliza saa ngapi, najua wanafunzi wake wamempa nyota ngapi kabla yeye mwenyewe hajajua. Mama alinipigia simu akanisalimu kwa Kifaransa, neno kwa neno, bila kukosea. Nikaona salamu hiyo imenichoma kuliko angekosea. Ingekuwa na kosa, ningekuwa na kazi.

Ndipo msimamizi akanipigia.

"Dada mkubwa," akasema, na huniita hivyo akiwa na shida. "Lile darasa la Jumamosi saa kumi, la watoto na watu wazima pamoja, alama zinaporomoka. Mashine inaandika kimya, kimya, kimya. Ingia kama mgeni, zima kamera, uandike unachokiona. Wewe ni mtu wa haki, kila mtu anakujua."

"Na darasa lenyewe?"

"Darasa halikai bila mwalimu, dada."

Nikaingia. Visanduku kumi na vinne kwenye kioo, na cha kumi na tano cheusi, cha kwangu. Palikuwa na dereva wa lori aliyeegesha gari akasoma humohumo ndani, muuguzi aliyevaa sare, mama yangu na futi yake shingoni, na watoto. Mmoja nilimfahamu: msichana wa miaka tisa ambaye kwao wanamwita Kobe. Nilimfundisha miezi miwili sikuwahi kuisikia sauti yake. Kwenye taarifa yake niliandika neno moja, "Hajitumi."

"Leo kila mtu atuambie kitu alichowahi kukiharibu," Rula akasema. "Mimi nilichoma shati la mume wangu kwa pasi, nikasema ni panya. Kobe, wewe umeharibu nini?"

Rula akazima kipaza sauti chake. Akachukua glasi ya maji, akaanza kunywa, macho yake dirishani.

Nikawasha saa ya simu. Sekunde tano. Nane. Kumi na mbili. Mtoto mmoja akapiga kelele, "Mwalimu atapasuka!" wenzake wakacheka, dereva akajikuna kidevu. Hakuna aliyemtazama Kobe, wote wanaitazama glasi. Sekunde ya ishirini na tatu Kobe akasogea kwenye kamera.

"Saa," akasema kwa Kifaransa. "Ya baba. Mimi taka kuona kinachogonga ndani."

Jibu lilikuwa limevunjika kama saa yenyewe. Mkono wangu ulishanyanyuka kusahihisha, peke yangu, chumbani, kamera imezimwa. Rula hakusahihisha. Aliweka glasi chini akauliza kama mtu anayetaka kujua kweli: "Ulitaka kuona kinachogonga ndani? Ukakiona?"

"Nilitaka kuona, nikakiona," Kobe akasema, safari hii sawasawa. "Kisha kikanyamaza."

Ikafika zamu ya mama. Rula akajaza glasi upya. Mama akainama, akanyoosha futi, akaikunja, akainyoosha. Saa yangu ikapita thelathini. Ilipofika arobaini na moja mama akainua kichwa.

"Nimeharibu mteja," akasema. "Wa gauni la zambarau. Nilimtuma binti yangu akaseme naye."

Darasa zima likaangua kicheko. Dereva akapiga honi. Hata Kobe alicheka, Kobe! Na Rula akacheka mpaka maji yakampalia, na mama akamwambia pole mwanangu, kwa Kifaransa. Mwanangu. Mimi nipo palepale, sanduku jeusi, jina langu "Mgeni".

Sikungoja hata somo liishe. Niliandika: Mwalimu hasemi. Sekunde ishirini na tatu kwa mtoto. Sekunde arobaini na moja kwa mtu mzima. Hasahihishi makosa. Anakunywa maji wakati wa kazi. Kila neno lilikuwa kweli. Nikatia jina langu chini, kwa sababu mimi siandiki barua zisizo na jina, nikaituma. Jumatatu ukaiona ratiba. Ukaweka dole gumba.

Kwa hiyo ndiyo, ni mimi. Lakini usishushe pumzi mapema.

Jumamosi iliyofuata nikalikalia darasa lake. Nilijiandaa siku tatu. Nikauliza, "Kobe, jana ulifanya nini?" na sekunde ya nne nikajisikia nasema, "Ulicheza? Alicheza! Vizuri sana, Kobe!" Mtoto hajafungua hata mdomo. Nikaendelea, siwezi kusimama, kama baiskeli isiyo na breki kwenye mteremko. Dereva akazima kamera. Muuguzi akazima. Watoto wakazima mmojammoja, na Kobe akazima bila kuaga. Mwisho akabaki mama, naye sanduku lake likawa jeusi.

"Mama, mbona umezima?"

"Ninashona, mwalimu."

Mwalimu! Mama mzazi!

Mwisho wa somo mashine ikanipa alama zote. Kimya: hakuna. Isome tena sentensi hiyo, wewe unayeitetea ile kanuni.

Kesho yake nikaenda kwa mama, na ule uzi mweusi, nikidhani nitamkuta peke yake. Mama katoka kupeleka nguo. Nikamkuta Rula, nguo za watu kazihamishia sakafuni, kakaa kwenye kile kiti, anashona vifungo.

"Karibu, wifi," akasema.

"Starehe."

"Nimeisoma ripoti yako, msimamizi alinitumia. Umeandika vizuri." Akachoma sindano. "Ila umempunja mama."

"Nimempunja nini?"

"Sekunde mbili. Zilikuwa arobaini na tatu. Na mimi huwa nahesabu, funda kwa funda."

Damu ikanipanda. "Leo unajua kuhesabu! Siku ile ulikuwa hujui? Tulikuwa kumi na wawili!"

Hakuuliza siku ipi. Miaka kumi na moja, na hakuuliza siku ipi.

"Niliogopa, wifi."

"Mwoga anakata kwa rula? Mwoga anakata ovyo akakimbia!"

"Mkono ulikuwa unatetemeka. Juu yangu palikuwa na jina lako, chini la mwalimu wa hesabu. Ningekata ovyo ningewachafua."

Nilikuwa na maneno ya miaka kumi na moja, nimeyapanga kama sahani kabatini. Sikupata hata moja. Yeye akaweka kifungo chini, akachukua glasi iliyokuwa kwenye cherehani, akaanza kunywa maji, macho yake mlangoni.

Alinifanyia mimi! Nilitaka kumpiga. Nikahesabu mpaka sitini nikapoteza hesabu, na neno lililotoka silo nililolitafuta.

"Nilitaka mama aongee na mimi."

Akaishusha glasi. "Ulitaka mama aongee na wewe?" Vilevile kama anavyomrudishia Kobe. Nikamchukia upya papo hapo, na papo hapo nikajua kwamba mtu huyu anajua kufundisha na mimi najua kusema, na kwamba nimemfukuzisha kazi kwa sababu hiyo.

Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Mimi nimechuma langu nikalileta kwenu nyote, kwa sababu ripoti yangu sasa inasomwa kwa walimu wapya kama mfano. Msimamizi anaiita "kipimo cha kimya". Kesho ni wewe, ukimsubiri mtoto mwenye neno zito mdomoni. Nimemwandikia msimamizi kwamba ripoti yangu ilikuwa ya wivu. Akajibu kwamba sekunde hazina wivu.

Ndiyo maana nimeitoa ile karatasi ya zamani. Upande mmoja ina majina kumi na moja na mstari. Upande wa pili ulikuwa mtupu. Nimeandika juu yake madai mawili: kanuni ya sekunde tano ifutwe, na mwalimu wa Jumamosi saa kumi arudishwe kwenye darasa lake. Jina la kwanza ni langu. La pili ni la mama, herufi kubwa, kwa chaki ya fundi, imebidi nizikoleze kwa kalamu. La tatu ni la Kobe. Mama yake alitaka kumwandikia, akakataa, akaandika mwenyewe, na tulimsubiri. Wifi hajatia saini. Amesema hawezi kujiombea mwenyewe. Ila ameniazima rula, nikapiga mistari hamsini iliyonyooka, mitupu, inayongoja majina.

Bado namwonea wivu. Jana mama alisema kuku wake wanataga vizuri tangu wifi alipoanza kupita asubuhi, na usingizi ukanikataa usiku kucha. Sikuombi umpende. Mimi mwenyewe sijampenda. Nakutaka uandike jina.

Leo ni Jumamosi. Picha ya karatasi ipo kwenye kikundi, juu kabisa. Saa kumi nitaingia darasani kwake na sitafundisha, nitaiweka karatasi mbele ya kamera, msimamizi akiwepo, na nitayasoma majina kwa sauti. Likikosekana lako nitalisoma pia, nitasema halipo. Kumbukumbu yangu unaijua sasa.

Mkono ukitetemeka, acha utetemeke. Jina lililopinda ni jina.

Nimezima kipaza sauti. Glasi ninayo mkononi, imejaa mpaka juu, na sikutazami. Ondoa hilo dole gumba. Washa kamera. Andika.